Sheria Ndogo ya Kijiji Inazaliwaje?

Ndugu msomaji, jioni moja tulikuwa darasani na wanakisomo wetu. Somo la siku ile lilikuwa kusoma barua. Mzee mmoja alichelewa kuingia. Alipoingia hakukaa. Alitoa karatasi mfukoni, akasema, "Mwalimu, leo tusome hii yangu."

Karatasi ilikuwa fupi. Ilisema kwamba mbuzi wa mzee wameonekana wakizurura karibu na kisima cha kijiji. Kwa hiyo, kwa mujibu wa sheria ndogo ya kijiji, anatozwa faini ya mbuzi mmoja. Chini palikuwa na sahihi. Muhuri haukuwapo. Na mbuzi mwenyewe alikuwa amekwisha chukuliwa asubuhi ile.

Mzee aliisoma karatasi yake mwenyewe, neno kwa neno, mbele ya wenzake. Alipomaliza akauliza, "Sasa hiyo sheria ndogo imeandikwa wapi?"

Tuseme kweli. Siku ile hatukuwa na jibu. Chuoni tulifundishwa namna ya kumfundisha mtu mzima kusoma, kuandika na kuhesabu. Mambo ya sheria tuliyapita juu juu tu. Basi tulikwenda kutafuta. Mengine tuliyasoma katika vitabu vya sheria, mengine tulielezwa na watu wanaoifanya kazi hiyo. Tunayaandika hapa ili nawe uyajue. Sheria tunazozitaja ni za Tanzania Bara. Ndugu zetu wa Zanzibar wana sheria zao.

NANI MKUBWA KIJIJINI?

Wengi wetu tukiulizwa nani mkubwa katika kijiji, tutajibu haraka: mwenyekiti. Wengine watasema: mtendaji. Majibu yote mawili si sahihi.

Sheria inayohusika inaitwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Namba 7 ya mwaka 1982. Siku hizi inajulikana pia kama Sura ya 287. Shika namba hiyo, maana ukienda kuuliza mambo haya ofisini ni vizuri kuitaja. Sheria hii inasema kwamba chombo chenye madaraka ya juu katika kijiji ni Mkutano Mkuu wa Kijiji. Na Mkutano Mkuu ni nani? Ni wewe. Ni kila mtu mwenye makazi yake katika kijiji hicho aliyetimiza umri wa miaka 18. Mwanamke yumo. Kijana yumo. Asiyejua kusoma naye yumo. Mkutano huu unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu.

Mkutano Mkuu ndio unaochagua Halmashauri ya Kijiji, na ndio wenye uwezo wa kuwaondoa waliochaguliwa. Halmashauri ina wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25. Wamo mwenyekiti wa kijiji, wenyeviti wa vitongoji vyote, na wajumbe wengine waliochaguliwa. Wanawake wasipungue robo ya wajumbe wote. Wanachaguliwa kwa miaka 5. Uchaguzi wa tarehe 27 Novemba 2024 ndio uliowaweka wajumbe wa kipindi hiki.

Je, mtendaji wa kijiji? Huyu hakuchaguliwa na kijiji. Ameajiriwa, na mwajiri wake ni Halmashauri ya Wilaya. Yeye ni katibu wa vikao. Anaandika muhtasari, anatunza kumbukumbu, anasimamia yaliyoamuliwa. Kazi yake ni kubwa, lakini hana uwezo wa kutunga sheria akiwa peke yake.

Tuchukue mfano wa msiba. Wenye msiba ni ukoo. Ukoo unachagua kamati ya kusimamia. Kisha kuna mtu mmoja anashika daftari la rambirambi. Je, mshika daftari anaweza kuamka asubuhi akasema kila mtu sasa alipe mara mbili? Hapana, bwana! Ataulizwa, "Nani kakutuma?" Ukoo ni kama Mkutano Mkuu. Kamati ni kama Halmashauri ya Kijiji. Mshika daftari ni kama mtendaji.

Lipo jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Kijiji kikishaandikishwa, Halmashauri yake inakuwa mtu mbele ya sheria. Haina miguu wala tumbo, lakini inaweza kununua mashine ya kusaga kwa jina lake. Inaweza kumiliki nyumba. Inaweza kumshtaki mtu mahakamani, na mtu anaweza kuishtaki. Wajumbe watabadilika, mwenyekiti atafariki, lakini Halmashauri itabaki. Ndiyo maana ina muhuri wake. Karatasi ya mzee wetu haikuwa na muhuri, na hilo peke yake lilitosha kutufanya tuulize maswali.

MAMBO HAYA YALIANZA LINI?

Mwaka 1972 serikali ilizifuta halmashauri za wilaya. Kazi zake zikashikwa na maofisa wa serikali mikoani na wilayani. Mwaka 1975 ikaja sheria ya kuandikisha vijiji na vijiji vya ujamaa. Wazee wetu wanaikumbuka. Kijiji kilitakiwa kiwe na kaya zisizopungua 250 ndipo kiandikishwe. Halmashauri za Kijiji zikapata nguvu ya kisheria wakati ule. Halafu mwaka 1982 zikapitishwa sheria za kurudisha serikali za mitaa, na halmashauri za wilaya zikaanza kazi tena mwaka 1984. Katiba ya nchi nayo ikaingiziwa ibara mbili, ya 145 na ya 146. Ibara hizo zinaeleza kwamba serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi.

Angalia maneno hayo vizuri. Madaraka yanapelekwa kwa wananchi, si kwa ofisi ya kijiji. Hata wakili aliyesoma miaka mingi, akipewa kesi ya serikali ya mitaa huanza na maswali yale yale anayoweza kuuliza mkulima: Uwezo huu umetolewa na sheria gani? Umepewa nani? Je, hatua zilizowekwa zilifuatwa? Serikali ya mitaa haina uwezo wake yenyewe kama maji ya chemchemi. Uwezo wake umetoka kwenye sheria, kama maji ya bomba. Bomba lisipofika, hakuna maji.

SAFARI YA SHERIA NDOGO

Haya, turudi kwenye mbuzi.

Halmashauri ya Kijiji inao uwezo wa kutunga sheria ndogo. Hilo ni kweli. Inaweza kutunga sheria ndogo juu ya usafi, vyanzo vya maji, misitu ya kijiji, mifugo inayozurura, mahudhurio ya watoto shuleni, na mengine yanayohusu kazi zake. Lakini sheria ndogo haizaliwi siku mwenyekiti anapoisema. Inapita safari.

Kwanza Halmashauri ya Kijiji inakaa na kuandika rasimu. Rasimu ni maandishi ya kwanza, kabla hayajapitishwa. Ndani yake mnaandikwa kosa ni lipi na faini ni kiasi gani. Kisha Halmashauri inaitisha Mkutano Mkuu wa Kijiji. Wananchi wanasomewa rasimu na wanatoa maoni yao. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Wanasikia mbiu ya mkutano, wanasema "leo nina palizi," wanakwenda shambani. Baadaye wanaulizana faini imetoka wapi. Ukikosa mkutano wa rasimu, umekosa nafasi ya kusema kwamba faini ni kubwa mno, au kwamba kisima kizungushiwe ua kwanza.

Baada ya Mkutano Mkuu, rasimu inapelekwa Halmashauri ya Wilaya pamoja na muhtasari wa mkutano. Kule wako madiwani na wapo wanasheria wa kuwashauri. Wanaangalia kama sheria ndogo hiyo haipingani na sheria kubwa za nchi. Wakiridhika wanaipitisha. Kabla ya kupitishwa huko, ile ni karatasi tu. Haina nguvu ya kumtoza mtu hata yai.

Sheria ndogo haiwezi kupingana na sheria ya Bunge. Tuseme kijiji kinataka kuandika kwamba mwanamke asipewe shamba. Hata mkutano mzima ukinyoosha mikono, haitasimama. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inasema kwamba mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Batili maana yake ni kama haikuwapo.

TULICHOKIKUTA KWENYE FAILI

Wiki iliyofuata tulimsindikiza mzee ofisi ya kijiji. Tulikwenda kwa heshima. Tuliamkia, tukakaa, tukaomba kuonyeshwa sheria ndogo ya mifugo. Faili lilitafutwa kwa muda mrefu. Hatimaye likapatikana chini ya magunia. Ndani mlikuwa na rasimu iliyoandikwa vizuri kabisa, na muhtasari wa Mkutano Mkuu wenye majina ya waliohudhuria. Lakini barua ya kuipeleka wilayani haikuwapo. Majibu ya wilaya hayakuwapo. Rasimu ilikuwa imelala kwenye faili miaka mitatu, na watu walikuwa wanatozwa faini kwa karatasi iliyolala. Tena rasimu yenyewe haikutaja faini ya mbuzi. Ilitaja fedha.

Tulimwuliza kiongozi mmoja mbuzi yuko wapi. Alitazama chini. Ndugu msomaji, mbuzi alikuwa amekwisha liwa.

Hatukuandika haya ili kuwacheka viongozi wetu. Wengi wanafanya kazi ngumu, na wengine hawakuwahi kuonyeshwa sheria hii hata siku moja, kama sisi tulivyokuwa. Lakini mbuzi wa mzee ni ada ya shule ya mjukuu wake.

Jambo jingine tulilojifunza: Halmashauri ya Kijiji si mahakama. Mtu akikubali kosa lililoandikwa katika sheria ndogo iliyopitishwa, atalipa faini iliyoandikwa, naye atapewa stakabadhi, iwe ya kitabu au ya mashine. Akikataa kwamba hakufanya kosa, hawezi kuhukumiwa pale ofisini na watu wale wale wanaomshtaki. Ana haki ya kusikilizwa, na mahali pa kusikilizwa ni mahakamani. Mahakama iliyo karibu nasi ni Mahakama ya Mwanzo. Na kama hujui pa kuanzia, tangu mwaka 2017 iko Sheria ya Msaada wa Kisheria, inayowatambua wasaidizi wa kisheria. Hao humsaidia mtu asiye na uwezo.

Kodi nayo ina kanuni kama hiyo. Ibara ya 138 ya Katiba inakataza kutoza kodi bila sheria. Wazee mnakumbuka kodi ya maendeleo, ile iliyowakimbiza watu porini. Ilifutwa mwaka 2003. Leo mtu akija na daftari nyumbani kwako, muulize kwa upole: je, huu ni ushuru wa sheria gani, au ni mchango? Mchango wa shule ni jambo zuri, nasi huchangia. Lakini mchango ujulikane ni mchango.

ARDHI NI ZAIDI YA MBUZI

Mbuzi anazaa mwingine. Ardhi haizai. Kwa hiyo sheria imeweka ulinzi mkubwa zaidi hapo. Halmashauri ya Kijiji inasimamia ardhi ya kijiji kama mdhamini, yaani kama mtu aliyeachiwa mali ya watoto wa ndugu yake aitunze. Haiwezi kumgawia mtu ardhi hiyo mpaka Mkutano Mkuu wa Kijiji uwe umekubali kwanza. Neno kubwa hapo ni "kwanza". Si kugawa leo na kuja kuwaarifu wananchi baada ya mavuno. Tena kila Mkutano Mkuu wa kawaida unapokaa, Halmashauri inapaswa kueleza jinsi inavyoisimamia ardhi, na kuyasikiliza maoni ya wananchi.

Hapa tunawaonya wanakisomo wetu juu ya kitu kimoja. Kwenye mkutano hupitishwa karatasi ya mahudhurio. Soma juu yake kabla ya kutia sahihi. Je, imeandikwa tarehe? Imeandikwa mkutano ni wa nini? Karatasi tupu yenye majina ya watu inaweza kubandikwa kwenye muhtasari wowote. Zamani tulikuwa tunabonyeza dole gumba tu bila kujua. Sasa tunajua kusoma.

MBUZI ALIISHIAJE?

Mzee alifikisha jambo lake kwenye Mkutano Mkuu. Alisimama na karatasi yake, akaisoma kwa sauti. Palikuwa na kelele kidogo, halafu kimya. Mkutano uliamua kwamba kijiji kimlipe mzee bei ya mbuzi, naye akalipwa kwa mafungu mawili. Kisha uliamua kwamba rasimu ya mifugo isomwe upya palepale, irekebishwe, ipelekwe wilayani. Wa kwanza kunyoosha mkono kuiunga mkono alikuwa mzee mwenyewe. Alisema, "Mimi sikukataa sheria. Kisima nami nakunywa. Nilikataa kuliwa mbuzi wangu bila sheria."

Sheria ile ilirudi kutoka wilayani ikiwa imepitishwa. Ilibandikwa kwenye mbao za matangazo. Na miezi michache baadaye, mtu wa kwanza kutozwa faini kwa mbuzi waliofika kisimani alikuwa mjumbe wa Halmashauri. Alilipa, akapewa stakabadhi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

Kijiji chenu kina sheria ndogo ngapi, na zimetunzwa wapi? Ni nani kati yenu amewahi kuisoma hata moja? Je, mnayo barua ya wilaya inayoonyesha kwamba zilipitishwa? Mkutano Mkuu wa mwisho ulikaa lini, na katika kikundi chenu ni wangapi walihudhuria?