Je, Wajua? Deki Mbili Haziendi Sawa

Je, wajua kwamba deki mbili za VHS, hata ziwe za kampuni moja, haziendi mwendo mmoja? Katika mfumo wa PAL, uliotumika Tanzania, Kenya na Uingereza, deki hutoa fremu 25 kwa sekunde. Kila fremu ina mistari 625, na kila mstari huchukua sehemu 64 tu kati ya milioni moja za sekunde. Kanda ikivutika au mota ikisita, mistari huwahi au huchelewa. Televisheni huvumilia hitilafu hiyo. Mashine ya kuchanganya picha mbili haivumilii.

Je, wajua kwamba tiba yake haikuwa kuharakisha deki iliyochelewa? Kifaa kiitwacho TBC kiliipokea picha, kikaigeuza kuwa tarakimu, kikaihifadhi kwa muda mfupi mno, kisha kikaitoa mstari kwa mstari kwa kufuata saa isiyoyumba. Deki iliendelea kuyumba vilevile.

Je, wajua kwamba studio ya mezani ilihitaji vifaa hivyo? Mwaka 1990, kampuni ya NewTek ya Topeka, Kansas, ilitoa Video Toaster, kadi ya kuchomekwa kwenye kompyuta ya Amiga 2000. Iliweza kufifisha picha moja huku nyingine ikijitokeza, au kuizungusha na kuirusha nje ya kioo. Lakini kila deki iliyolisha kadi hiyo ilipaswa kupitia TBC kwanza. Tena ilitengenezwa kwa mfumo wa NTSC wa Marekani, si PAL.

Je, wajua kwamba kuunganisha matukio mawili kwa mfifio kulidai deki tatu? Mbili zilicheza, ya tatu ikarekodi. Matukio yote yakiwa kwenye kanda moja, ilibidi mojawapo linakiliwe kwanza, na kila nakala ilipunguza ubora wa picha.

Je, wajua kwamba deki haikuanza kucheza pale ilipotakiwa? Kidhibiti cha uhariri kiliirudisha kanda nyuma sekunde chache, kikazianzisha deki zote ili mota zishike kasi kabla ya kufika mahali pa kuunganisha. Deki na kamera nyingi za Sony zilipokea amri hizo kupitia waya mmoja wa mfumo uitwao LANC, uliorudisha pia namba za kaunta.

Je, wajua kwamba kaunta ya deki ingeweza kudanganya? Ilihesabu mipigo iliyorekodiwa ukingoni mwa kanda, mmoja kwa kila fremu. Mipigo michache ikikosekana, hesabu yote iliyofuata iliharibika. Msimbo wa muda ulitatua hilo kwa kuipa kila fremu anwani yake kwenye kanda.

Je, wajua kwamba anwani hizo nazo huruka? NTSC ya rangi huonyesha takriban fremu 29.97 kwa sekunde, si 30. Ili hesabu ilingane na saa ya ukutani, namba 108 huachwa kila saa. Hakuna fremu inayokatwa. Ni namba tu.

Je, wajua kilichoziondolea deki kazi hii ya kuunganisha matukio? Diski ya kompyuta. Mfumo wa DV ulipokuja mwaka 1995, picha ilirekodiwa ikiwa tarakimu tayari. Matukio yote mawili yalinakiliwa kwenye diski kutoka kanda ileile, moja baada ya jingine, bila ubora kupungua, na kompyuta ikayachanganya kwa nafasi yake. Deki moja ikatosha.