Dawa ya mtoto mkobani, cheti kimebaki nyumbani

Mama anatoka Nyehunge alfajiri kwenda msibani Igoma, mtoto wake mwenye kifafa akiwa mapajani. Mkobani ana vidonge 60 vya fenobabitoni. Kibahasha cha hospitali kilichanika, akavihamishia kwenye kopo tupu la mafuta ya kujipaka. Cheti na daftari la kliniki vimebaki kabatini. Basi likisimamishwa kabla ya daraja la Kigongo–Busisi na mizigo ikapekuliwa, ataeleza nini?

Huu ni mfano tu, lakini safari za namna hii Sengerema na Buchosa ni za kila siku. Watu wanajua kutofautisha dawa baridi na dawa za cheti. Wachache wanajua kwamba kati ya dawa za cheti kuna kundi linalobanwa zaidi: fenobabitoni, diazepamu, mofini ya wagonjwa wa saratani. Ni dawa za tiba, ila zimo pia katika mikataba ya Umoja wa Mataifa ya 1961 na 1971 inayodhibiti dawa za kulevya na zile zinazoathiri akili. Hapa nchini, kukutwa nazo bila sababu halali kunaweza kumweka mtu mikononi mwa Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, na adhabu zake si za mchezo.

Kuthibitisha kosa bila kuacha shaka ni kazi ya upande wa mashtaka. Hata hivyo Sheria ya Ushahidi inamwachia mshtakiwa kipande chake: akidai kwamba anaguswa na ruhusa iliyomo katika sheria, yeye ndiye wa kuionyesha. Kwa mgonjwa, ruhusa hiyo ni cheti. Kibahasha nacho husaidia, maana huwa kimeandikwa jina la mgonjwa, dawa na kipimo. Kopo la mafuta halisemi lolote.

Cheti kikipotea, si mwisho wa utetezi. Kumbukumbu za matibabu hubaki hospitali, na daktari aliyeandika dawa anaweza kuitwa kuwa shahidi wa utetezi. Aliyetumwa mzigo asioujua naye ana la kusema, kwa kuwa kupatikana na kitu kisheria kunahitaji mtu awe anakijua na awe na udhibiti juu yake. Tatizo ni kwamba mahakimu wameshasikia hadithi nyingi za mzigo wa kutumwa.

Kituoni, mtuhumiwa ana haki ya kuwasiliana na ndugu au wakili. Kabla ya kusaini hati ya ukamataji mali asomewe, na vidonge 60 viandikwe 60. Kuanzia hapo kila mkono uliopokea dawa hizo, hadi kwa Mkemia Mkuu wa Serikali na kurudi mahakamani, unapaswa kujulikana. Mahakama ya Rufani ilisisitiza hilo katika rufaa ya jinai namba 110 ya mwaka 2007. Asiyemudu wakili anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017.

Lipo jambo moja ambalo haliwezi kusubiri mahakama. Dawa ikishachukuliwa kuwa kielelezo, mtoto hana dozi ya usiku, na kukatiza fenobabitoni ghafla kunaweza kuleta degedege mfululizo. Mama amwambie askari hilo mapema, na ndugu ampeleke mtoto hospitali ya karibu siku hiyohiyo.