Mtoto Huyu si Mkaidi, Hasikii

Leo tuzungumze juu ya sikio la mtoto. Watu wengi wanasema kuwa mtoto kutokwa na usaha masikioni ni jambo la kawaida. Wanasema, "Ataacha akikua." Hiyo si kweli. Usaha masikioni ni ugonjwa. Usipotibiwa, mtoto anaweza kuwa kiziwi.

Siku moja bibi mmoja alikuja zahanati na mjukuu wake wa miaka 8. Mtoto alikuwa na kidonda mguuni. Nilimwamkia bibi, kisha nikamwuliza mtoto jina lake. Hakujibu.

"Usijisumbue, mwanangu," bibi akasema. "Huyu ni mkaidi. Akitumwa haendi. Hata mwalimu amechoka naye."

Nikasimama nyuma ya mtoto nikapiga makofi. Hakugeuka. Nikatazama masikio yake. Yote mawili yalikuwa na usaha.

"Bibi, usaha huu ni tangu lini?"

"Tangu hajaanza kutembea. Huja na kuondoka."

Mtoto yule hakuwa mkaidi. Alikuwa hasikii. Miaka yote hiyo aligombezwa kwa kosa ambalo si lake.

UGONJWA HUANZA WAPI?

Ndani ya tundu la sikio kuna ngozi nyembamba. Imewambwa kama ngoma. Ngozi hiyo huitwa kiwambo cha sikio. Sauti ikipiga kiwambo, kiwambo hutikisika, nasi tunasikia.

Nyuma ya kiwambo kuna chumba kidogo chenye hewa. Chumba hicho kina mrija unaokwenda mpaka nyuma ya pua. Mrija huo una uwazi ndani, kama kikonyo cha jani la mpapai. Kwa mtu mzima mrija huo ni mrefu na umeinama, kwa hiyo uchafu huteremka. Kwa mtoto mdogo mrija ni mfupi na umelala. Mfereji uliolala haupitishi maji vizuri. Ndivyo ilivyo kwa mrija huu.

Mtoto akipata mafua, mrija huvimba na kuziba. Majimaji hukaa katika kile chumba. Vijidudu kutoka puani na kooni huzaliana humo, na majimaji yanageuka usaha. Usaha ukijaa, unasukuma kiwambo mpaka kinatoboka.

Wazazi wengi hudhani ugonjwa huu huletwa na maji ya kuoga. Lakini mara nyingi chanzo chake ni mafua. Maji huongeza ubaya pale ambapo kiwambo kimekwisha kutoboka.

DALILI ZAKE

Mtoto mdogo hawezi kusema, "Sikio linauma." Mtazame. Hulia sana usiku, hasa akilazwa. Huvuta sikio lake. Ana homa. Hanyonyi vizuri.

Kisha siku moja usaha hutoka. Maumivu hupungua na homa hushuka. Mtoto analala usingizi. Hapa ndipo wazazi wengi wanapokosea. Wanadhani amepona. Kumbe kiwambo kimetoboka, na vijidudu bado vimo ndani. Usiache kwenda zahanati kwa sababu mtoto ameacha kulia.

Akitibiwa mapema, mara nyingi kiwambo hujifunga chenyewe. Usaha ukitoka kwa wiki 2 au zaidi, ugonjwa umekuwa sugu. Kuutibu ni kazi kubwa zaidi.

Mpeleke mtoto haraka, hata kama ni usiku, ukiona mambo haya:
1. Uvimbe unaouma nyuma ya sikio.
2. Shingo imekaza, au ana degedege.
3. Amelegea sana, hanyonyi, au anatapika kila kitu.
4. Mdomo umekwenda upande.
5. Mtoto hajafikisha miezi 2 na sikio linatoa usaha.

USIFANYE HAYA

Usimimine kitu sikioni kwa kubahatisha. Wengine humimina mafuta, maji ya majani, mkojo, au maziwa ya mama. Vitu hivyo hupeleka vijidudu vingine ndani. Maziwa ya mama ni chakula bora, lakini mahali pake ni mdomoni.

Usichokoe sikio kwa njiti ya kiberiti, unyoya au pini. Usimpe mtoto dawa iliyobaki kwa jirani. Ukipewa dawa zahanati, mpe mtoto mpaka imalizike, hata kama amepata nafuu.

KUKAUSHA SIKIO

Dawa ya matone haiwezi kufanya kazi katika sikio lililojaa usaha. Lazima likaushwe kwanza. Mwombe mhudumu wa zahanati akuonyeshe. Kazi yenyewe ni hii:
1. Nawa mikono kwa sabuni.
2. Chukua kitambaa laini cha pamba, kilichofuliwa na kukauka vizuri. Kisokote kama utambi wa koroboi.
3. Ingiza utambi taratibu sikioni. Usisukume kwa nguvu.
4. Ukilowa, utoe. Weka mwingine mkavu. Endelea mpaka utambi utoke mkavu.
5. Tia dawa, kama umepewa.
6. Usiache kitu chochote sikioni.

Fanya hivyo mara 3 kwa siku mpaka sikio likauke. Choma au fukia tambi zilizotumika. Mtoto asiogelee mtoni wala bwawani mpaka apone.

KUZUIA NI BORA

Mnyonyeshe mtoto maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya mwanzo. Maziwa hayo yana kinga. Akianza uji, mkalishe. Usimlishe amelala chali, kwa sababu chakula kinaweza kuingia katika ule mrija.

Mpeleke kliniki kwa tarehe zilizoandikwa katika kadi. Chanjo ya kuzuia nimonia ilianza kutolewa kwa watoto wa Tanzania mwaka 2013. Hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Huzuia pia baadhi ya vijidudu vya masikio. Chanjo ya surua hutolewa akiwa na miezi 9 na miezi 18. Surua nayo huharibu masikio.

Moshi wa kuni na wa sigara huumiza pua na koo la mtoto. Mama anapopika, mtoto asikae jikoni penye moshi. Toboa dirisha la jiko. Baba avute sigara mbali na nyumba, au aiache kabisa.

Yule mjukuu tulimkausha masikio na kumpa dawa. Kisha tulimpeleka hospitali ya wilaya. Sikio moja sasa linasikia vizuri. La pili halijarudi. Mwalimu amemkalisha dawati la mbele, naye ameanza kusoma.

Ndugu msomaji, leo jioni simama nyuma ya mwanao. Mwite kwa sauti ya kawaida. Asipogeuka, usimpige. Mpeleke zahanati.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI
1. Kwa nini mafua ya mtoto huweza kuleta usaha sikioni?
2. Usaha ukitoka na maumivu yakaisha, je, mtoto amepona?
3. Je, kijijini kwetu yuko mtoto anayeitwa mkaidi? Nani amempima masikio yake?