Mboga za Kiangazi: Bustani Ndogo, Maji ya Jikoni na Nyuki

Kakamega hupata mvua nyingi kuliko sehemu kubwa ya Kenya, lakini kati ya Desemba na Februari jua huwa kali na mboga huadimika. Huu ndio wakati wazazi wanapotafuta karo ya Januari. Bustani ndogo karibu na jikoni inaweza kuipunguzia familia gharama ya mboga hadi mvua ya masika irudi mwezi Machi.

Kupanda na kutunza unyevu

Kunde na mgagani (tsisaka) hustahimili joto, na majani yake huanza kuchumwa baada ya wiki nne hivi. Mnavu huhitaji maji zaidi, kwa hivyo upandwe karibu na migomba upate kivuli kidogo. Maji yaliyooshea mboga au nafaka yasimwagwe ovyo. Yamwagiliwe mashinani asubuhi mapema au jioni. Udongo ufunikwe kwa nyasi kavu au majani makavu ya miwa ili unyevu usipotee. Matandazo hayo yasigusane na shina, kwani huweza kuwavuta mchwa.

Nyuki na malenge

Wengi hulalamika kwamba malenge hutoa maua mengi bila matunda. Mmea huu una maua ya kiume na ya kike, na ua la kike hutambulika kwa kitunda kidogo kilicho chini yake. Ua hufunguka alfajiri na kufunga kabla ya adhuhuri, siku moja tu. Nyuki wasipofika kuleta chavua, kitunda hugeuka manjano na kuanguka.

Kwa sababu hiyo, nyuki wanahitaji makao na chakula. Nyuki wadogo wasiouma hukaa kwenye mashimo ya miti mizee na nyufa za kuta za udongo. Nao nyuki wakubwa weusi hutoboa mbao kavu. Viota hivyo visizibwe bila sababu. Mimea miwili au mitatu ya mgagani au mitoo iachwe ichanue. Itawalisha nyuki na kumpa mkulima mbegu za msimu ujao. Ua la tithonia, yenye maua ya manjano, husaidia pia, na majani yake mabichi yakikatwakatwa huwa mbolea nzuri.

Sahani yenye mawe madogo na maji huwasaidia nyuki na ndege. Maji yabadilishwe kila siku ili mbu wasizaliane.

Tahadhari kuhusu dawa

Dawa ya wadudu isinyunyizwe asubuhi maua yakiwa wazi. Ikilazimu, inyunyizwe jioni, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna zilizoandikwa kwenye lebo zizingatiwe. Kwa ushauri zaidi, wakazi wanahimizwa kumwona afisa wa kilimo katika wadi yao.