Degedege Wakati wa Kuharisha: Hatima ya Mtoto Hutegemea Chanzo

Mtoto anayeharisha na kutapika anapopatwa na degedege, wazazi huingiwa na hofu mbili: kwamba ubongo wake umeumia, na kwamba ameanza kifafa, yaani ugonjwa unaomletea mtu degedege la mara kwa mara hata pasipo homa wala maradhi mengine ya kulichochea. Kwa watoto wengi hofu hizo hazitimii. Hata hivyo, mustakabali wa mtoto haupimwi kwa ukali wa degedege lilivyoonekana kwa macho, bali kwa chanzo chake, na ndiyo maana kukitafuta chanzo hicho ni kazi ya saa za mwanzo.

Mwaka 1982 daktari wa Japani aitwaye Morooka alieleza aina ya degedege linaloambatana na maradhi ya tumbo yasiyo makali, ambalo tangu hapo limethibitishwa katika nchi nyingi. Huwapata watoto waliokuwa na afya njema, wengi wao wa umri wa kati ya miezi 6 na miaka 3, hasa wanapoambukizwa virusi vya rota au vya noro, ambavyo hushambulia utumbo. Mtoto huyo hana homa, hajakaukiwa maji sana, na vipimo vya sukari na chumvi katika damu yake ni vya kawaida. Hata hivyo, katika siku za mwanzo za kuharisha hukakamaa ghafla, macho yakageuka na viungo vikatetemeka kwa dakika chache, kisha akazinduka, na baada ya muda hali hiyo ikamrudia, pengine mara kadhaa ndani ya saa 24. Kwa baadhi ya watoto, kilio au maumivu ya sindano hutosha kuliamsha degedege jingine. Diazepamu, dawa inayotumiwa sana kutuliza degedege, mara nyingi hushindwa kuzuia marudio hayo, ilhali dozi ndogo ya karbamazepini, ambayo ni dawa ya kifafa, imeonekana kuyakomesha.

Watoto wa kundi hili waliofuatiliwa kwa miaka baada ya kupona wamekua vizuri, wakitembea, wakisema na kujifunza kama wenzao. Kipimo cha umeme wa ubongo, kinachoonyesha jinsi chembe za ubongo zinavyopelekeana ishara, kwa kawaida hakionyeshi kasoro baada ya ugonjwa kwisha. Wachache hurudiwa na degedege wanapoharisha tena, na wanaokuja kupata kifafa ni wachache zaidi. Kwa sababu hiyo hawahitaji kumeza dawa za kifafa kila siku kwa miezi au miaka.

Matumaini ya namna hiyo yapo pia kwa degedege la homa, ambalo huwapata watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 joto la mwili linapopanda, iwe homa imeletwa na maradhi ya tumbo au mengine. Takriban theluthi moja ya watoto hao hurudiwa siku nyingine wakipata homa, lakini degedege lililo fupi, lililoshika mwili mzima na lisilojirudia ndani ya saa 24 halipunguzi akili ya mtoto, na uwezekano wa kupata kifafa baadaye hubaki mdogo.

Hali huwa tofauti kabisa pale degedege linapokuwa dalili ya hatari nyingine. Mtoto aliyetapika kutwa bila kula anaweza kuishiwa sukari katika damu, na ubongo ukikosa sukari kwa muda mrefu huweza kudhurika moja kwa moja. Sodiamu, madini yanayosawazisha maji ya mwili, hushuka mtoto anayeharisha sana anaponyweshwa maji matupu peke yake, na hupanda pakiti ya ORS, yaani mchanganyiko wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, iliyokusudiwa lita moja inapokorogwa katika nusu lita. Hali zote mbili huleta degedege, na zikiwa kali huweza kuuachia ubongo kilema. Katika maeneo yenye malaria, mtoto mwenye homa, kutapika na degedege hupimwa vimelea bila kungoja, kwa kuwa malaria iliyopanda kichwani, sawa na homa ya uti wa mgongo, huweza kumwacha na kifafa, ulemavu wa viungo au ugumu wa kujifunza. Watoto wachanga wa wiki chache nao hawaingizwi katika kundi lenye matumaini yaliyotajwa, kwani kwao virusi vya rota vimehusishwa na madhara katika nyuzi zinazounganisha sehemu za ubongo.

Nyumbani, mtoto mwenye degedege hulazwa kwa ubavu mahali pasipo na kitu cha kumuumiza, bila kutiwa kijiko, kidole wala dawa mdomoni, na muda hutazamwa kwenye saa, kwa kuwa degedege linalozidi dakika 5 huhitaji dawa ya kulikatisha upesi. Hata likikoma lenyewe, hupelekwa hospitali siku hiyohiyo ili apimwe sukari, chumvi za damu na malaria. Asipozinduka vizuri, au shingo ikikakamaa, huenda akahitaji pia kipimo cha maji ya uti wa mgongo.

Chanjo ya rota, iliyozinduliwa Tanzania Desemba 2012 na kuanza Kenya mwaka 2014, hupunguza kuharisha kukali na hivyo kupunguza nafasi ya degedege linaloletwa na virusi hivyo. Kwa mtoto ambaye tayari limempata, chanzo kilichobainika na matokeo ya vipimo yakiandikwa katika kadi yake ya kliniki, daktari atakayemwona baadaye hatamwanzishia dawa za kifafa asizozihitaji, wala hatalipuuza degedege lililostahili kufuatiliwa.