Jicho la maabara hunolewa kwa majibu

Anayetazama kwa mara ya kwanza tone nene la damu lililotiwa rangi ya Giemsa haoni malaria. Anaona fujo ya zambarau. Chembe nyeupe zimetapakaa, chembe sahani zimejikusanya, masalia ya rangi yameganda huku na kule, na mahali fulani kuna kidoti chekundu kilichoshikamana na uzi mwembamba wa buluu. Hicho ndicho kimelea. Mzoefu hukinasa mara moja, ilhali mwanafunzi hukipita hata kikiwa katikati ya lenzi. Pengine macho yao yana afya ileile. Kinachotofautiana ni ubongo, ambao kwa mmoja umeshajifunza kipi cha kushika na kipi cha kupuuza.

Kuna picha zinazofundishika haraka. Mkoani Simiyu, huko Maswa na Meatu kwenye malambo, kichocho kinachosumbua ni cha mkojo. Busega, inayopakana na Ziwa Victoria, kipo pia cha tumbo. Mayai yake hutofautishwa kwa mwiba: la kichocho cha mkojo limechongoka mwishoni, la kile cha tumbo lina mwiba ubavuni. Mwonyeshe mwanafunzi mwiba huo, na kazi kubwa imekwisha. Ndivyo ilivyokuwa pia mwaka 1987 huko Marekani, watafiti Biederman na Shiffrar walipowapa watu wasio na ujuzi picha za vifaranga vya siku moja wabague majike na madume. Walipatia takriban asilimia 60. Baada ya kusoma maelezo mafupi ya mahali pa kutazama, wakafika asilimia 84.

Malaria haina mwiba. Hapo maelezo hayatoshi; zinahitajika slaidi nyingi zenye majibu yaliyokwisha kuthibitishwa. Mwanafunzi anasoma, anaandika jibu, anaambiwa papo hapo kama amepatia, kisha anarudi kwenye eneo lilelile la slaidi kutazama alichokikosa. Huko kurudi ndiko kunakofundisha.

Ndiyo maana sishawishiki sana mtu anaponitajia miaka yake kazini. Mgonjwa huondoka na karatasi yake, na kama jibu lilikuwa sahihi au la, maabara haipati habari. Slaidi za kifua kikuu hukusanywa na kusomwa upya na mtu asiyejua jibu la kwanza, utaratibu mzuri wa kudhibiti ubora, lakini majibu yanaporudi msomaji ameshaisahau slaidi. Ripoti inanufaika kuliko jicho. Mkulima wa pamba wa Bariadi anayetenganisha pamba safi na fifi ana mwalimu mkali zaidi: karani wa chama cha ushirika (AMCOS) humkatalia palepale kwenye mzani, mkono wa mkulima ukiwa bado ndani ya furushi.

Hata njiwa hujifunza hivyo. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani waliwaonyesha njiwa picha za tishu za matiti, nao wakapewa punje kila walipodonoa jibu sahihi. Katika muda wa kama wiki mbili walikuwa wakitambua saratani kwa takriban asilimia 85, hata kwenye picha ambazo hawakuwahi kuziona. Walipopewa picha za eksirei zenye uvimbe, ambazo ni ngumu zaidi, waliishia kuzikariri. Zilipokuja mpya wakababaika. Kwa hiyo sanduku la slaidi kumi zilezile litazaa njiwa wa namna hiyo.

Kuna mtego mwingine, nao unakuja pamoja na mafanikio. Mtafiti Wolfe na wenzake walionyesha mwaka 2005 kwamba kitu kinachotafutwa kikiwemo katika nusu ya picha, watu hukikosa kwa asilimia 7. Kikiwemo katika picha moja tu kwa mia, hukikosa kwa asilimia 30. Kadiri malaria inavyopungua, na vipimo vya haraka vinavyobeba mzigo mkubwa wa kazi, msomaji wa hadubini huzoea kuandika “hakuna vimelea” na jicho lake hulegea bila yeye kujua. Kinachosaidia ni kumrudishia mara kwa mara duru fupi ambamo slaidi nyingi zina vimelea, kila moja na jibu lake la papo hapo.

Hospitali ya wilaya inaweza kujiwekea akiba ya slaidi za namna hiyo kutokana na kazi zake za kila siku. Slaidi zithibitishwe na wasomaji wawili, zipewe namba badala ya majina ya wagonjwa, na majibu yakae kwenye daftari la pembeni. Sanduku lenyewe liwekwe mbali na mwanga na unyevu, kwa sababu rangi ya Giemsa hupauka.