Kifaa cha mguu hakianikwi kando ya mbabula



Mwaka jana, katika darasa langu hapa Uvira, kulikuwa na mtoto wa miaka minane anayetembea kwa msaada wa kifaa cha plastiki kinachoushika mguu toka chini ya goti hadi kwenye nyayo. Siku moja alinyeshewa na mvua akitoka masomo. Mama yake akakiosha kifaa, akakiweka kando ya mbabula kikauke. Asubuhi alikikuta kimepinda. Mtoto alikosa masomo majuma matatu, na mama alilia sana.

Hakuwa mzembe. Hakuna aliyekuwa amemweleza jinsi kifaa kile kinavyotengenezwa. Ndiyo maana ninaandika.

Kuna plastiki ambazo zikipata joto hulainika, na zikipoa hukaza tena. Tunaona kwa mafundi wa bidoni: bidoni ikipasuka, fundi anapasha kisu kwenye makala, analainisha ufa na kuuziba. Hata pleksi, ile plastiki inayong'aa kama kioo, hupindwa kwa joto la digrii 150 hivi. Ikipoa inabaki na sura mpya. Ukiipasha tena, inataka kurudi bapa kama zamani.

Vifaa vya miguu mara nyingi hutengenezwa kwa plastiki iitwayo polipropileni. Ndiyo inayotumiwa katika vituo vinavyosaidiwa na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, kama Heri Kwetu ya Bukavu na Shirika la Umoja la Goma. Kwanza fundi anafunga mguu wa mtoto kwa bendeji ya plasta. Ikikauka anaitoa, anamimina plasta ndani yake, anapata sanamu ya mguu ule ule. Kisha kipande cha plastiki chenye unene wa milimita chache kinaingia katika tanuru la digrii 180 hivi mpaka kinalegea kama kitambaa kilicholowa. Fundi anakifunika juu ya sanamu, na mashine inanyonya hewa ili plastiki ishike kila mviringo. Ikipoa inakatwa, kingo zinasuguliwa, mikanda inatiwa.

Basi, kilichoumbwa na joto, joto laweza kukiumbua. Tushike haya:

Kifaa kioshwe kwa maji baridi na sabuni, kipanguswe kwa kitambaa, kikauke kivulini. Kisikae karibu na moto, wala kisiachwe kwenye jua kali.

Kikipinda, usikipashe moto nyumbani ili ukinyooshe. Kikikosea kidogo tu kitabana mfupa na kuleta kidonda. Kirudishwe kwa fundi.

Mvalishe mtoto soksi safi, na kila jioni utazame ngozi yake. Wekundu usiotoka baada ya nusu saa unaonyesha kwamba kifaa kinabana.

Mtoto anakua, kifaa hakikui. Mtoto mwenye mguu wa bandia huhitaji mwingine kila baada ya miezi sita hivi.

Mwanafunzi wangu alipata kifaa kipya, naye amerudi darasani. Kilichomchelewesha mama yake zaidi ni pesa ya safari. Vikundi vyetu vina likelemba. Je, hatuwezi kutenga kidogo kwa ajili ya mama mwenye safari kama hiyo? Mtoto wa mwenzio ni wako.